Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kumbukumbu za Ayalandi: unganisheni jina na mahali pake

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Ayalandi wenye dhamana ya utamaduni na ya Waayalandi walio ughaibuni. Kwa Msajili Mkuu wa vizazi, ndoa na vifo. Kwa Wakurugenzi wa Nyaraka za Taifa na Maktaba ya Taifa, Dublin.

Yah: Majina ya Kiayalandi katika fahirisi zinazotumiwa na wajukuu na vitukuu wa wahamiaji

Waheshimiwa,

Mtu aliyezaliwa Boston, Buenos Aires au Liverpool anapoanza kumtafuta babu wa babu yake Ayalandi, huwa na vitu viwili mkononi: jina la ukoo na jina la mahali. Vyote viwili vilimfikia kwa masikio. Bibi alitamka, mama akatamka, yeye akaandika alivyosikia. Na vyote viwili vilikuwa vimeshapinda kabla hata bibi huyo hajazaliwa.

Nyinyi mnavyo vyote viwili vikiwa vimenyooka. Logainm, kanzidata ya majina ya mahali inayotunzwa na ofisi ya serikali ya majina hayo pamoja na chuo kikuu cha Dublin City (DCU), ina majina zaidi ya 100,000, kila moja na namba yake, na mengi yana historia ya tahajia zake tangu karne zilizopita. Rejesta za vizazi, ndoa na vifo mmeziweka kwenye irishgenealogy.ie, picha kwa picha, bila malipo: kizazi kikishatimiza miaka 100, ndoa 75, kifo 50. Sensa za 1901 na 1911 nazo ni bure kwa dunia nzima. Ni ukarimu ambao nchi chache zimewafanyia watu wao walioondoka, na tunausema wazi kwa sababu ni haki yenu kuusikia. Tatizo ni kwamba hazina hizi zinaishi kama majirani wasiosalimiana. Ombi letu kubwa ni moja. Ziunganisheni, ili kila jina la ukoo na kila jina la mahali lililomo kwenye fahirisi libebe umbo lake la Kiayalandi, na lipatikane kwa umbo lolote ambalo mtafutaji analo.

Tuanze na ukoo, maana huko ndiko watu wanakopotea kwa wingi. Wapo wanaoamini kuwa makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji cha New York, ndio waliobadilisha majina. Si kweli. Wale walisoma orodha zilizokwisha kuandikwa na kampuni za meli. Jina liligeuzwa nyumbani, Ayalandi kwenyewe, na karani aliyeandika kwa Kiingereza jina la mtu aliyesema Kiayalandi. Mara nyingine aliliandika kama alivyolisikia. Mara nyingine alilitafsiri, na hapo ndipo mambo huharibika. Mac Gabhann, ukoo wa mwana wa mhunzi, kwa karani mmoja akawa McGowan na kwa mwingine Smith. Mac Conraoi wa Connemara, magharibi ya Ayalandi, akawa Conroy, lakini kwa kuwa mwisho wa jina unasikika kama rí, yaani mfalme, ndugu zake wakaandikwa King. Ó Draighneáin akawa Drennan au Thornton, kwa sababu draighean ni kichaka cha miiba. Ó Cadhain akawa Coyne, Kyne, na hata Barnacle, kwa kuwa cadhan ni ndege wa majini wa jamii ya bukini ambaye kwa Kiingereza ana jina hilo. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa King katika ubatizo na Conroy katika ndoa, na fahirisi inayofuata herufi peke yake haitawakutanisha milele. Hakuna ufanano wa herufi kati ya Thornton na Drennan. Kinachowaunganisha ni jina la Kiayalandi tu, nalo ndilo halimo.

Msomaji wa Kiswahili ataelewa jambo linalofuata upesi kuliko mtengeneza programu aliyelelewa kwa Kiingereza. Sisi tunajua kuwa neno hubadilika mwanzoni. Anayetafuta maana ya “watu” kwenye kamusi huenda herufi M, na anayetafuta “ndimi” huenda U. Kiayalandi nacho hugeuza mwanzo wa jina. Ó Súilleabháin ni mwanamume. Binti yake ni Ní Shúilleabháin: Ní ni ufupisho wa maneno yenye maana ya “binti wa ukoo wa Ó”, kama vile sisi tunavyosema binti fulani, na S ya jina huongezewa h. Mkewe ni Bean Uí Shúilleabháin. Kwa ukoo wa Mac, binti huitwa Nic na mke Mhic. Kuna na kinyume chake: Ó hAodha, ambaye kwa Kiingereza mara nyingi ni Hayes, binti yake ni Ní Aodha, h imedondoka. Kwa hiyo baba, mama na binti wa nyumba moja wanakaa sehemu tatu tofauti za alfabeti, na mtafutaji asiyejua sarufi hii huona familia tatu.

Dawa yake haihitaji mitambo ya ajabu. Programu ya utafutaji iondoe kwanza vitangulizi: Ó, Ní, Uí, Mac, Nic, Mhic na Bean. Kisha iondoe h inayofuata konsonanti ya kwanza ya jina, na ile h ndogo inayotangulia irabu kubwa. Ilinganishe bila kujali fada, yaani ile alama ya kurefusha irabu, lakini ikishapata jibu ilioneshe fada zote mahali pake. Baada ya hapo ipitie jedwali linaloliunganisha kila jina la Kiayalandi na maumbo yake yote ya Kiingereza, ya sauti na ya tafsiri. Jedwali lazima liruhusu jina moja la Kiingereza kurudi kwenye koo nyingi, maana Smith wa Cavan aliyekuwa Mac Gabhann si Smith aliyetoka Uingereza. Hapo ndipo wilaya inapoamua, nasi tutafika kwenye wilaya.

Kuhusu fada tuseme neno moja. Seán ni jina la mtu. Sean bila alama ni “mzee” au “kuukuu”. Sheria ya Lugha Rasmi, kwa marekebisho ya mwaka 2021, imeshazitaka taasisi za umma ziheshimu jina na anwani ya mtu vilivyoandikwa kwa Kiayalandi. Walio hai wameheshimiwa. Tunaomba na waliokufa waingizwe.

Kuna kosa jingine dogo kwa sura, kubwa kwa madhara. Mwandiko wa zamani wa Kiayalandi haukutumia h hiyo. Uliweka nukta juu ya konsonanti, herufi tisa kwa jumla: ḃ, ċ, ḋ, ḟ, ġ, ṁ, ṗ, ṡ, ṫ. Mnukuzi asiyeufahamu mwandiko huo huiona nukta akadhani ni doa la wino, akaandika Ni Briain mahali pa Ní Bhriain. Mwaka 1911 zilikuwapo kaya zilizojaza fomu ya sensa kwa Kiayalandi, kwa sababu harakati za Conradh na Gaeilge, jumuiya ya lugha iliyoanzishwa 1893, zilikuwa zimepamba moto. Kaya hizo leo ndizo ngumu kuliko zote kupatikana. Waliojali lugha zaidi ndio waliofichika zaidi. Yeyote anayetafuta familia ambayo ipo mwaka 1901 na haionekani 1911, kabla ya kukata tamaa, ajaribu jina la Kiayalandi, bila fada na bila h. Mara nyingi mlango ndio huo.

Majina ya kwanza nayo yana kamba zake. Mapadri Wakatoliki waliandika ubatizo kwa Kilatini au Kiingereza, karibu kamwe si kwa Kiayalandi, ingawa parokia nyingi za magharibi hazikusema lugha nyingine. Matokeo yake mtoto aliyeitwa Tadhg nyumbani ni Timotheus rejestani, kisha Timothy au Thady Marekani. Diarmaid wa Cork na Kerry ni Jeremiah, na Jeremiah huyohuyo ni Darby. Conchúr ni Cornelius, Eoghan ni Eugenius, Aodh ni Hugo. Gobnait, jina la mtakatifu anayependwa sana Munster, jimbo la kusini, aligeuzwa Abigail au Deborah. Bríd aliandikwa Brigida kanisani, Bridget serikalini, na alipofika Boston akajiita Delia. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu alisema jina lake kwa lugha ya aliyekuwa mbele yake.

Sasa mahali. Ayalandi imegawanyika katika vitongoji zaidi ya 60,000, vile viitwavyo kwa Kiayalandi baile fearainn. Ndicho kipimo kidogo kabisa cha anwani, na ndicho kinachomfikisha mtu kwenye shamba lenyewe. Wapimaji wa ramani ya kijeshi waliovizunguka kati ya miaka ya 1820 na 1840 waliyaandika majina kwa tahajia ya Kiingereza, na John O'Donovan, mtaalamu wa Kiayalandi, na wenzake walikuwa na kazi ya kuwauliza wenyeji jina la asili kabla ya kukubali tahajia. Ndiyo maana majina yale yana mpangilio: baile ni Bally, cnoc ni Knock, doire ni Derry. Lakini mpangilio una shimo. Kil inaweza kutoka kwa cill, kanisa, au coill, msitu. Cill Chiaráin ya Connemara, Kilkieran, ni kanisa la Ciarán. Kilmore ya kaunti moja ni kanisa kubwa na ya nyingine ni msitu mkubwa. Jina moja la Kiingereza hujirudia mara kumi nchini. Umbo la Kiayalandi huyatenganisha, na namba ya Logainm hufunga mjadala.

Tazameni kisiwa cha Maínis karibu na Carna, magharibi ya Galway. Kwenye ramani ya Kiingereza ni Mweenish. Familia iliyoondoka huko inaweza kuwa na karatasi iliyoandikwa Moynish, Minish au Muinish, maana kila mwandishi alijitahidi kuikamata sauti ileile. Ukienda kwenye orodha ya parokia Katoliki kutafuta Carna, jina la zamani lililoshika ni Moyrus, kwa Kiayalandi Maíros. Rejesta ya serikali nayo haifuati parokia. Inafuata wilaya ya usajili iliyojengwa juu ya eneo la sheria ya maskini, na hapo makao yake ni Clifden, An Clochán. Mtu mmoja, nyumba moja, majina matatu ya mahali. Mjukuu asipoambiwa kuwa Mweenish, Moyrus na Clifden ni ngazi tatu za mahali pamoja, atakata tamaa kwenye ngazi ya kwanza. Namba moja ya Logainm ikiambatana na kila rekodi ingemwonesha ngazi zote kwa kubofya mara moja.

Kuna ambao watasema: kwa nini kuhangaika na tahajia wakati nyaraka zenyewe ziliungua? Ni kwa sababu ziliungua. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko na moto viliteketeza Ofisi ya Nyaraka za Umma katika jengo la Four Courts, Dublin. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zilikwenda karibu zote, pamoja na wasia na rejesta za zaidi ya nusu ya parokia za Kanisa la Ayalandi, yaani la Kianglikana. Si moto pekee uliotenda: fomu za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri baada ya takwimu kuchukuliwa, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hazina ya mtandaoni iliyozinduliwa Juni 2022 chini ya uongozi wa chuo cha Trinity imekusanya nakala na vipande kutoka kwenye maktaba nyingi, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo kwa mtu wa kawaida wa karne ya 19 kilichobaki ni kidogo: vitabu vya zaka vya miaka ya 1823 hadi 1838, uthamini wa ardhi wa Griffith wa 1847 hadi 1864, rejesta za kanisa, na usajili wa serikali, ulioanza 1845 kwa ndoa zisizo za Kikatoliki na 1864 kwa wote. Ukiwa na nyaraka chache kiasi hicho, kila jina linalofichwa na tahajia ni sawa na jina lililoungua mara ya pili.

Rejesta za Kikatoliki zinastahili kusemewa peke yake. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa iliweka mtandaoni, bure, picha zaidi ya 370,000 za rejesta za parokia 1,086, nyingi zikiishia takriban mwaka 1880. Picha zilitolewa kwenye filamu zilizopigwa miongo mingi nyuma, nyeusi na nyeupe, na baadhi ya kurasa zimefifia kiasi kwamba wino na kivuli cha ukurasa wa nyuma vinachanganyika. Hazina fahirisi ya umma. Fahirisi zilizopo zimetengenezwa na kampuni za nje au na vituo vya kaunti vinavyotoza ada, na wengi wa wanukuzi hawajui Kilatini cha kanisa wala majina ya Kiayalandi. Wakati huohuo irishgenealogy.ie tayari ina fahirisi ya bure ya rejesta za kanisa kwa jiji la Dublin, Kerry na sehemu kubwa ya Cork. Mmeshathibitisha kuwa inawezekana. Mayo, Galway na Donegal, ambako lugha ilishika muda mrefu na uhamaji uliuma zaidi, zimeachwa.

Njia ya kuifanya kazi hiyo mnayo pia. Mkusanyiko wa simulizi ulioandikwa na watoto wa shule kati ya 1937 na 1939 umenukuliwa kwenye tovuti ya dúchas.ie na watu wa kujitolea, na kazi hiyo ikaitwa meitheal, neno la wakulima wanaosaidiana kuvuna. Sisi tungeita ujima au msaragambo. Fanyeni meitheal ya rejesta. Ila pawe na taratibu, kwa sababu tunajua kinachoharibika. Kila ukurasa unukuliwe na watu wawili wasioonana, na wa tatu aamue wanapotofautiana. Safu ya kwanza ibebe maandishi kama yalivyo, pamoja na makosa yake na vifupisho vyake; mnukuzi mwenye nia njema anayesahihisha Moynish kuwa Mweenish amefuta ushahidi wa jinsi padri alivyosikia. Safu ya pili iwe jina sanifu la Kiayalandi. Safu ya tatu iwe namba ya Logainm, na kama haijulikani iachwe wazi, maana kukisia kitongoji ni kosa gumu kuling'oa likishaenea kwenye miti ya familia elfu moja. Wadhamini wa ubatizo wanukuliwe bila kuachwa hata mmoja. Wengi huwaruka ili kuokoa muda, nao mara nyingi ni shangazi na wajomba, na ndio wanaofungua kizazi cha nyuma.

Tunaomba pia safu ya jina la mtaani. Connemara yenye akina Ó Cadhain wengi haikuwatambua watu kwa ukoo. Mtu aliitwa Colm Mháirtín Phádraig, yaani Colm wa Máirtín wa Pádraig, mnyororo uleule wa Juma bin Hamisi bin Ali. Mthamini wa Griffith aliuona ugumu huo, ndiyo maana kwenye orodha yake huweka jina la baba kwenye mabano pale majina yanapofanana. Mabano hayo ni dhahabu, na fahirisi nyingi zimeyatupa.

Sasa uraia. Mjukuu wa mtu aliyezaliwa kisiwani anaweza kuingizwa katika Rejesta ya Vizazi vya Nje. Ada ni euro 278 kwa mtu mzima na 153 kwa mtoto. Anatakiwa kupeleka vyeti halisi vya vizazi vitatu: babu au bibi, mzazi, na yeye mwenyewe, pamoja na vya ndoa. Kitukuu hapati mpaka mzazi wake awe ameandikishwa kabla kitukuu hajazaliwa, kanuni ambayo watu huijua wakiwa wameshachelewa. Kikwazo hutokea majina yasipofanana. Cheti cha kizazi kinasema Bridget King, cha ndoa Delia Conroy, cha kifo Della Conroy. Mwombaji huanza kutafuta viapo na barua za mawakili kwa gharama inayozidi ada yenyewe. Chapisheni jedwali rasmi la majina yanayolingana, la ukoo na la kwanza, ambalo afisa anaweza kulitegemea na mwombaji anaweza kulitaja. Bríd, Bridget, Delia. Mac Conraoi, Conroy, King. Jedwali halithibitishi kuwa ni mtu yuleyule, lakini linaondoa dhana kwamba tofauti ya jina ni dalili ya udanganyifu.

Tarehe nazo ziandikiwe mwongozo. Usajili wa kizazi ukichelewa ulikuwa na faini, hivyo wazazi wengi waliisogeza mbele siku ya kuzaliwa wakaepuka kulipa. Ndiyo maana hukutwa mtoto aliyebatizwa kabla ya kuzaliwa. Katika hali hiyo ubatizo ndio wa kuaminiwa. Upande wa wazee, pensheni ilianza tarehe 1 Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na kati ya sensa ya 1901 na ya 1911 kuna watu walioongezeka miaka 14 au 15 badala ya 10. Wengine walikuwa wakijipa umri. Wengi hawakuwahi kuujua, na pensheni iliwalazimisha kuutafuta. Fomu za maombi hayo, zenye dondoo za sensa za 1841 na 1851 zilizonakiliwa kabla ya moto, zimo kwenye Nyaraka za Taifa, na hutaja wazazi na kitongoji. Wachache walio ughaibuni wanajua kuwa zipo. Mtu asiye na cheti cha kizazi cha serikali anaruhusiwa kupeleka cha ubatizo pamoja na barua kuwa usajili ulitafutwa ukakosekana. Hilo lingeandikwa juu ya ukurasa, si chini.

Kwa upande wa lugha yenyewe, sensa ya 1851, ya kwanza kuuliza, ilihesabu wasemaji takriban milioni 1.5, na hiyo ni baada ya njaa kuu iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine kiasi hicho baharini. Wengi wa waliopanda meli walisema Kiayalandi. Marekani, sensa ya 1910 ilipouliza lugha ya mama, karani baada ya karani aliandika Kiingereza mbele ya neno Ireland, bila kuuliza. Mjukuu akisoma pale huamini kuwa kwao hawakuwahi kuwa na lugha nyingine. Ukweli wake uko kwenye fomu yenu ya 1901 au 1911, safu ya lugha, ambako “Irish” peke yake humaanisha mtu asiyejua Kiingereza, “Irish and English” humaanisha zote mbili, na nafasi wazi humaanisha Kiingereza tu. Ndugu waliobaki nyumbani wanaonesha aliyeondoka alisema nini. Safu hiyo itafutike moja kwa moja, na ifanywe hivyohivyo kwa sensa ya tarehe 18 Aprili 1926, ambayo kwa sheria ya miaka 100 ni ya kufunguliwa kuanzia Aprili 2026. Iliuliza lugha pia, na kwa kuwa 1921 hakukuwa na sensa kwa sababu ya vita, ndiyo ya kwanza baada ya 1911.

Logainm ina sauti za majina mengi, yakitamkwa vizuri. Mtu aliyepata jina la kitongoji cha bibi yake aweze kulisikia hapohapo kwenye ukurasa wa rekodi. Ni jambo la kitufe kimoja, na kwa mtu ambaye familia yake haijalisikia jina hilo likitamkwa sawasawa kwa miaka 140, ni kitu cha thamani isiyo na kifani.

Kama bajeti haitoshi kuanza nchi nzima, anzeni Connemara, na anzeni Moyrus. Sababu tunazo. Majina ya King, Coyne na Thornton yamejaa humo, kwa hiyo jedwali litapimwa pagumu kwanza. Wanaojua Kiayalandi cha pale wapo hai na wanaweza kuulizwa kuhusu kila kijiwe. Na uhamaji wake una nyaraka upande wa pili: mwaka 1880 Askofu John Ireland alizipeleka familia kutoka Connemara hadi Graceville, Minnesota, ambako baridi kali ya kwanza iliwashinda, nyingi zikahamia mtaa wa Saint Paul ulioitwa Connemara Patch, kisha kati ya 1882 na 1884 mfuko wa James Hack Tuke ulilipia nauli za watu zaidi ya 9,000 kutoka Galway na Mayo. Orodha za wasafiri, rejesta za Moyrus, uthamini wa Griffith na sensa ya 1901 vikikutana kwenye namba moja ya kitongoji, mtajua katika miezi michache kama daraja linabeba uzito.

Ibara ya 2 ya Katiba yenu inataja uhusiano wa pekee wa taifa na watu wa asili ya Ayalandi waishio nje. Tunaomba mtujibu kwa maandishi mambo matatu: kama namba za Logainm zitaambatanishwa na fahirisi za vizazi, ndoa na vifo, na kuanzia lini, kama jedwali la majina litachapishwa na nani atalitunza, na kama meitheal ya rejesta za parokia itafunguliwa kwa watu walio nje ya Ayalandi. Hilo la mwisho lina wasomaji wa Kilatini, wa mwandiko wa zamani na wa Kiayalandi walio tayari kukaa mezani, wengine wakiwa hawajawahi kukanyaga kisiwani.

Wenu katika kazi hii,

Wafuatiliaji wa kumbukumbu za familia za Kiayalandi